Nani ashike nyundo ya msitu? Tabora, Kigoma na hesabu ya ushirikishwaji

Chukua mninga mmoja, umekomaa, shina limenyooka. Kama umesimama kwenye ardhi ya kijiji ambacho hakijatangaza msitu wake kisheria, mti huo ni wa kijiji kwa maneno tu. Ni mti uliohifadhiwa. Kibali cha kuukata kinatoka kwa afisa misitu na mrabaha wake unakwenda serikalini. Kijiji hichohicho kikipima msitu wake, kikaandika mpango wa usimamizi, kikatunga sheria ndogo na halmashauri ya wilaya ikaridhia, mninga uleule unapata mwenyewe mwingine: kibali kinaandikwa kijijini, gogo linagongwa nyundo ya kijiji, fedha zinaingia akaunti ya kijiji. Na kama uliota hatua chache tu ng'ambo ya mpaka, ndani ya msitu wa hifadhi wa taifa, basi ni wa Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), hata kama wanaozunguka kuulinda ni watu wa kijiji jirani.

Nyundo ninayoisema hapa ni kile chuma chenye alama kinachopigwa kwenye kisiki na kwenye gogo kuthibitisha kwamba mti umekatwa kwa kibali. Ni kitu kidogo, lakini anayekishika ndiye anayeamua. Ndiyo maana kila nikisikia kwamba wananchi wa Tabora na Kigoma wanashirikishwa katika kusimamia misitu, nataka kwanza nijue wanashirikishwa kwenye mninga upi kati ya hiyo mitatu. Kwenye doria wameshirikishwa muda mrefu. Nyundo na kitabu cha risiti ni habari nyingine.

Sheria yenyewe haina ubaya. Sera ya Taifa ya Misitu ya 1998 na Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 zilifungua njia mbili. Katika njia ya kwanza kijiji kinamiliki na kusimamia msitu ulio kwenye ardhi yake, na mapato ni yake. Katika ya pili, inayoitwa usimamizi wa pamoja, msitu unabaki wa serikali na vijiji vinavyouzunguka vinasaini makubaliano ya kusaidia kuutunza, kwa mgawo fulani wa faida. Mifano ya mwanzo ilitoka Duru-Haitemba kule Babati na Mgori kule Singida miaka ya 1990: serikali ilikuwa imekusudia kuitwaa misitu hiyo iwe hifadhi, wanavijiji wakagoma, mwisho wakakabidhiwa waitunze wenyewe. Kwa mara moja sheria ikafuata nyuma ya vitendo badala ya kutangulia.

Lakini angalia uwiano. Tathmini ya taifa ya misitu, NAFORMA, ambayo ripoti yake ilitoka mwaka 2015, ilihesabu hekta milioni 48.1 za misitu nchini, karibu asilimia 46 ikiwa kwenye ardhi ya vijiji. Hizo ni kama hekta milioni 22. Kwa takwimu za 2012, eneo lililokuwa chini ya vijiji vyenyewe lilikuwa takriban hekta milioni 2.4, na lile la usimamizi wa pamoja milioni 5.4. Maana yake, sehemu moja tu kati ya tisa au kumi ya misitu ya vijijini ndiyo ilikuwa imeingia kwenye utaratibu wa kijiji kushika mamlaka kamili, wakati kazi ya kuisaidia serikali kulinda msitu wa serikali ilikuwa imesambazwa zaidi ya mara mbili ya hapo. Sidhani kama hilo lilipangwa kwa nia mbaya. Ni rahisi tu kugawa kazi kuliko kugawa mamlaka.

Wanaotetea misitu ya vijiji wana ushahidi wa kuonyesha, na Kigoma wanao karibu. Milima inayozunguka Hifadhi ya Gombe ilibaki vipara miaka ya 1980 na 1990. Watu walikuwa wamejaa, wamebanwa kati ya ziwa na mlima, na kila mteremko ukalimwa. Mradi wa TACARE, ulioanzishwa na Taasisi ya Jane Goodall mwaka 1994, ulianza na mawazo ya kupanda miti, na ilibidi upanuke haraka kwa sababu wanavijiji walikuwa na shida zao nyingine zilizotangulia mti: maji, zahanati, shule. Baadaye vikaja vijiji kukaa chini na kupanga matumizi ya ardhi. Kufikia mwaka 2009, vijiji 13 vya eneo hilo vilikuwa vimetenga zaidi ya hekta 9,000 kuwa misitu ya hifadhi ya vijiji, na vijana waliochaguliwa na vijiji vyao wakaanza kuzunguka na simu wakirekodi tanuri la mkaa hapa, mtego kule, kisiki kibichi kwingine.

Msitu ulirudi kwenye baadhi ya miteremko bila mtu kupanda mche. Huu ndio ukweli wa miombo, yaani misitu ya miti kama mtundu na myombo, ambao watu wa semina hawausemi vya kutosha. Mtundu ukikatwa haufi. Mizizi iko hai chini na kisiki kinachipua. Kinachouua ni moto wa kila mwaka, jembe, na kukatwa tena kabla machipukizi hayajanyanyuka. Kwa hiyo kazi ya kijiji kinachotaka msitu si kubwa kifedha: ni kukubaliana mahali fulani papumzishwe, na kuzuia moto. Kukubaliana huko hakuna afisa wa mkoani anayeweza kukufanya kwa niaba ya watu. Hapo watetezi wako sahihi kabisa.

Ila kurudi kwa msitu na kurudi kwa fedha ni mambo mawili. Mtu aliyekuwa na shamba la muhogo kwenye ule mteremko uliopumzishwa analipa gharama mwaka huohuo. Faida, kama ipo, ni ya kijiji kizima na inakuja baada ya miaka: kijito kisichokauka, kuni za karibu, labda mbao siku moja. Mipango mingi ya matumizi ya ardhi inachora eneo la msitu kwa rangi ya kijani bila kuandika popote nani aliyekuwa akilima hapo na amepewa nini. Nimeona watu wakiita hilo wivu wa mtu mmoja dhidi ya maslahi ya wengi. Mimi naona ni deni ambalo halikuandikwa.

Tabora ina jibu ambalo mikoa mingi haina: asali. Hapa msitu unaweza kumlipa mtu kila mwaka ukiwa umesimama, na hilo linabadilisha mjadala wote. Si kwa bahati kwamba chuo cha ufugaji nyuki kiko Tabora. Wanyamwezi walikuwa wanarina na kuuza nta na asali zamani sana kabla ya neno "uhifadhi" kuingia kwenye hotuba, na mwenye mizinga msituni ana sababu yake binafsi ya kuzima moto na kumfukuza mchoma mkaa, hata kama hakuna aliyemlipa posho.

Tusiipambe kupita kiasi, lakini. Mzinga wa kienyeji wa gome unapatikana kwa kumvua mti ngozi. Fundi anachagua mtundu au myombo ulionyooka, usio na vifundo, anakata duara juu na duara chini, anapasua gome kwa urefu na kulivua lote kama bomba. Analifunga kwa vijiti vya ubao, anaziba ncha mbili, anaacha tundu la nyuki, anautundika. Mzinga huo utadumu misimu michache. Mti uliovuliwa hautaishi, maana chakula hakishuki tena kwenye mizizi. Mfugaji nyuki mwenye mizinga mia ya magome ni mlinzi wa msitu na mkataji wa msitu kwa wakati mmoja. Jibu la kitaalamu ni mzinga wa sanduku, na ni jibu zuri ukiwa na mbao, pikipiki na mahali karibu pa kuitundika. Kwa mzee anayekwenda kambini ndani ya pori kwa baiskeli na kukaa huko wiki kadhaa, sanduku ni zito, ni ghali, na linaibika kirahisi. Kijiji chenye msitu wake kinaweza kuweka kanuni ya katikati, kwa mfano kuruhusu magome kwenye miti ambayo tayari imepangiwa kukatwa. Sijui mamlaka ya juu inayoweza kuandika kanuni ndogo namna hiyo ikatekelezeka.

Na hapa ndipo suala la nani mwenye nyundo linapouma. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Ugalla na Kigosi yalipandishwa hadhi kuwa hifadhi za taifa. Katika pori la akiba, warina asali na wavuvi waliweza kuingia kwa vibali katika msimu. Katika hifadhi ya taifa, shughuli hizo haziruhusiwi. Uamuzi wa mara moja, uliofanywa mbali, ukafuta njia ya maisha ya watu wa Sikonge, Urambo, Kaliua na wilaya jirani ambao hawakuwa wamefanya kosa lolote. Sifa kwa wanaostahili: mwaka 2023 Bunge liliridhia Kigosi iondolewe hadhi ya hifadhi ya taifa na irudi kwenye usimamizi wa misitu, na ufugaji nyuki wa wananchi ulikuwa miongoni mwa hoja zilizotolewa. Ugalla ikabaki kuwa hifadhi ya taifa. Tukio hilo linasomwa na wengi kama ushindi wa sauti ya wananchi, na kwa kiasi ni kweli. Mimi nalisoma pia upande wa pili: haki ambayo inaweza kutolewa 2019 na kurudishwa 2023 kwa uamuzi wa watu wengine bado ni ruhusa tu.

Sasa niwape nafasi wale wanaosema vijiji havifai kukabidhiwa misitu, maana hoja yao si ya kupuuzwa, na wengi wao wamefanya kazi huku miaka mingi.

Wanaanza na idadi ya watu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,291,623 mkoani Tabora. Ile ya 2022 ikahesabu 3,391,679. Watu milioni 1.1 zaidi katika miaka kumi. Si watoto peke yao waliozaliwa. Wapo waliohamia na familia na ng'ombe kutoka kanda ya ziwa wakitafuta mashamba na malisho. Hao wanahitaji ardhi, na ardhi inayoonekana iko wazi ni msitu wa kijiji. Nani anawapokea? Mwenyekiti wa kijiji na wenzake wachache. Kila mtu Tabora anajua jinsi eka za porini zinavyogawiwa kwa "ahsante" isiyoingia kwenye kitabu chochote. Hoja ya afisa misitu ni kwamba kumpa kijiji nyundo ni kumpa mwenyekiti huyohuyo nyundo, na mchovya asali hachovyi mara moja.

Hoja hiyo ina nguvu, na nadhani inatakiwa ijibiwe kwa ukweli badala ya nyimbo za "jamii ni mlinzi bora". Jibu langu ni kwamba inaeleza vizuri zaidi misitu ya vijiji ambayo haijatangazwa. Pale ambapo msitu hauna mpaka uliopimwa, hauna ramani, wala sheria ndogo, mwenyekiti anagawa kitu ambacho hakina mwenyewe. Kikishatangazwa, kuuza kipande chake ni kosa linaloonekana kwenye ramani iliyobandikwa ofisini. Kuutangaza msitu hakuzuii wizi, kunaufanya uwe na jina. Na mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria unatakiwa kukutana kila baada ya miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi, unakuwa na kitu cha kuuliza. Pale ambapo mkutano hauitwi, basi kweli, mkosoaji ameshinda.

Upande wa serikali nao una rekodi yake. Januari 2019 Rais Magufuli aliagiza vijiji vilivyokuwa ndani ya hifadhi na mapori visiondolewe. Kamati ya mawaziri ikapitia mgogoro mmoja baada ya mwingine, na hatimaye vijiji 920 kati ya 975 vikaruhusiwa kubaki. Kule Kasulu, wananchi wa Kagera Nkanda walimegewa sehemu ya Msitu wa Hifadhi wa Makere Kusini waliokuwa wakiugombania na wahifadhi kwa muda mrefu. Kibinadamu, naunga mkono. Watu walikuwa na nyumba, shule na makaburi humo. Lakini fikiria ujumbe unaomfikia mwanakijiji mwingine ambaye kijiji chake kilikaa miaka 15 kikilinda msitu wake, vijana wakizunguka usiku bila buti wala tochi. Aliyevamia amepewa hati. Aliyelinda amepewa semina. Sijaona mpango wowote unaomlipa wa pili angalau nusu ya alichopata wa kwanza.

Kuhusu wageni wenye ng'ombe, kuna jambo ambalo mijadala ya Tabora hulipita haraka mno. Wasukuma wanalaumiwa hapa kwa kila kisiki. Hao hao, kwao Shinyanga, wana ngitili: eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi kikikaza, la familia au la kijiji. Mpango wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), uliofanya kazi kuanzia 1986 hadi 2004, uliitumia desturi hiyo kurudisha miti kwenye mamia ya maelfu ya hekta katika mkoa ambao ulikuwa unaelekea kuwa jangwa. Kwa hiyo mtu mmoja anatunza miti Shinyanga na anafyeka Kaliua. Kilichobadilika si tabia yake. Kule ngitili ni yake na jirani anaiheshimu. Huku yeye ni "mgeni", anajua anaweza kuambiwa aondoke wakati wowote, na shamba lililofyekwa ndilo ushahidi wake pekee kwamba yupo. Kamati za maliasili zisizo na mhamiaji hata mmoja ndani yake zinalinda msitu dhidi ya nusu ya kijiji. Doria haiwezi kuwashinda hao.

Na akina mama? Kwenye karatasi wamo. Miongozo inataka wawemo kwenye kamati. Ukitaka kujua kama wamo kweli, usihesabu majina. Angalia kanuni za kuni na uyoga. Mbao na mkaa ni biashara ya wanaume, na ndizo zinazojaza kurasa za mpango wa usimamizi. Kuni kavu zinapewa mstari mmoja: siku fulani za wiki, bila shoka, panga marufuku. Uyoga mara nyingi hautajwi kabisa. Ila msimu wa mvua ukiingia, pita barabara zinazotoka Tabora mjini uone ndoo na sado za uyoga zilizopangwa kando ya lami, wauzaji wote ni wanawake na watoto. Hiyo ni fedha ya daftari, sabuni na mafuta ya taa, inayoingia miezi ambayo tumbaku na mahindi bado viko shambani na mfuko wa nyumbani umekauka.

Uyoga huo hauoti popote. Aina nyingi zinazopendwa huishi kwa kushikamana na mizizi ya mitundu na miyombo. Mti unaupa uyoga sukari, uyoga unausaidia mti kupata maji na madini. Ukikata miti ukapanda mikaratusi, kivuli utakipata ila uyoga ule hutauona. Kwa maneno mengine, akina mama wana hisa kubwa kwenye msitu uliosimama kuliko mtu yeyote kijijini, ukiacha mfugaji nyuki, na hisa yao ndiyo inayoandikwa mwisho. Msitu unapofungwa kabisa "upumzike", wao ndio wa kwanza kukamatwa na kunyang'anywa ndoo, kwa sababu wanaingia mchana na kwa miguu. Mchana mchoma mkaa amelala. Anafanya kazi usiku.

Nirudi kwenye usimamizi wa pamoja, kwa sababu huo ndio wanaoukuta wananchi wengi wa Tabora. Msitu wa Urumwa, karibu na mjini, ni mfano unaotajwa sana. Msitu ni wa taifa, vijiji jirani vina kamati, kuna faida zinazokubalika: kuni, dawa, mizinga, uyoga. Sina ugomvi na hizo, ila nyingi ni vitu ambavyo watu walikuwa wakivichukua tangu mababu. Kumpa mtu kwa kibali kile alichokuwa nacho bila kibali, kisha ukamwomba alinde kwa malipo hayo, ni biashara ya upande mmoja. Tatizo la usimamizi wa pamoja nchini kwa miaka mingi limekuwa mgawo: makubaliano mengi yalikaa bila kusainiwa kwa sababu haikuwa wazi kijiji kipate asilimia ngapi ya faini, ya mrabaha, ya mkaa uliotaifishwa. Kamati zikaendelea kuzunguka kwa ahadi. Baada ya misimu michache mjumbe anaacha, na anayebaki mara nyingine ni yule aliyegundua kwamba kumwachia mchoma mkaa apite kunalipa vizuri kuliko kumpeleka ofisini.

Serikali nayo ina hoja kwamba misitu kama hii haiwezi kuwa ya vijiji pekee. Ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, inayogusa Tabora na Kigoma, iliorodheshwa mwaka 2000 kuwa eneo la kwanza nchini la Ramsar, yaani ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, na maji yake hayamnufaishi mtu wa kijiji kimoja. Kijiji cha juu kikiuza miti yake yote, wa bonde la chini hana kura kwenye mkutano mkuu wa huko. Nakubali. Kwa misitu ya vyanzo vya maji, mkono wa taifa unahitajika. Lakini hoja hiyo haielezi kwa nini walinzi wa kijiji wasipate mgawo wao ulioandikwa na kusainiwa.

Halafu kuna Kanuni za 2019 za uvunaji, ambazo ziliusogeza uamuzi wa kuvuna, hata kwenye misitu ya vijiji, kuelekea kamati ya uvunaji ya wilaya inayoongozwa na mkuu wa wilaya. Lengo lilikuwa kudhibiti uvunaji holela, na uvunaji holela ulikuwepo. Matokeo yake ni kwamba kijiji chenye mpango uliopitishwa na miti iliyohesabiwa kinasubiri kikao cha wilaya kama mfanyabiashara yeyote. Nyundo ipo kijijini, ila anayeinua mkono yuko wilayani.

Sijagusa tumbaku bado, na huwezi kuongelea misitu ya Tabora ukaiacha. Tumbaku ya mvuke inakaushwa kwa moto kwenye bani, yaani banda la kukaushia, kwa karibu wiki nzima, moto haukatizwi usiku wala mchana, na bani lenyewe la kienyeji linataka nguzo na fito kila linapokarabatiwa. Tumbaku ndiyo iliyojenga nyumba za bati Urambo na Sikonge, ikasomesha watoto. Mtu asije kuwaambia wakulima waache bila kuwaonyesha mbadala unaolipa kwa mkupuo kama huo. Mikataba inawataka wakulima wapande miti, mabani yanayotumia kuni kidogo yapo. Tatizo ninaloliona ni la kikao. Kamati ya maliasili ya kijiji iko chini ya serikali ya kijiji. Wakulima wa tumbaku wamo kwenye chama chao cha msingi cha ushirika, chenye mkopo wake, makisio yake na mnunuzi wake. Vyombo viwili, watu walewale, msitu uleule, na havikai pamoja. Mpango wa usimamizi unahesabu mbao za mninga ambazo hazitavunwa kwa miaka, na hauna ukurasa wa kuni za mabani zitakazohitajika msimu ujao. Kuni hizo zinatoka mahali. Kwa kuwa hazimo kwenye mpango, hazina bei, na kwa kuwa hazina bei, kijiji hakipati hata senti kutoka kwenye matumizi makubwa kabisa ya msitu wake.

Siku hizi jibu la kila kitu limekuwa kaboni, yaani kulipwa kwa kutunza msitu unaofyonza hewa ukaa. Jirani zetu wa Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, wameonyesha kwamba si hadithi: vijiji vinane vinavyotunza misitu ya milima ya Ntakata vimepokea mabilioni ya shilingi kutokana na mauzo ya hewa ukaa, vikajenga madarasa na zahanati na kulipia kaya bima ya afya. Tangu Kanuni za biashara ya kaboni zitoke mwaka 2022, madalali wa mikataba wamekuwa wengi. Vijiji vya Uvinza na Kaliua vinavyotamani njia hiyo vikumbuke kwamba Katavi haikuanza na kaboni. Ilianza na mipaka iliyopimwa na mipango ya ardhi iliyopitishwa. Bila hivyo hakuna cha kuuza. Na bei ya bidhaa hiyo inapangwa na wanunuzi walioko mbali, kwa hiyo kijiji kitakachoacha asali na mbao zake kwa ajili ya hundi moja kutoka kwa mnunuzi mmoja kitakuwa kimerudi kulekule kwenye ruhusa ya mtu mwingine.

Kama kijiji cha Uyui au Kibondo kingeniuliza kianzie wapi, ningesema kipitishe mpango wa msitu wenye kurasa tatu zinazokosekana: ya kuni za mabani pamoja na bei yake na eneo la kuzikata kwa zamu, ili chama cha msingi kinunue kwa risiti, ya uyoga, kuni kavu na magome ya mizinga, iandikwe na wanaovitumia, na ya mgawo wa faini, ukitaja asilimia ya kijiji na ya mjumbe aliyekamata. Ukurasa wa tatu ndio utakaopata upinzani mkubwa wilayani. Wenye vijiji vinavyopakana na msitu wa serikali wadai uingizwe kwenye makubaliano kabla hawajasaini, na wakikataliwa, wasitume vijana wao doria.